Siku Mama Alipomsemea Nyanya wa Filamu

Katika banda letu la video hapa Voi, hakuna mtu wa kwenye filamu anayekosa kwao. Sheria hiyo niliiweka mimi. Mimi ndiye dijei, yule anayekaa kando ya kitambaa cheupe na maiki mkononi, sauti ya filamu yenyewe ikiwa imeteremshwa mpaka inasikika kwa mbali, nikiwaambia watu kwa Kiswahili nani anasema nini. Jambazi akitokea, kwanza namtazama anavyotembea, kisha namtafutia mahali pa kutoka. Mwenye madaha nampa Mombasa. Anayeongea kwa upole huku ameficha kisu namfanya wa Taveta, na watu wa Taveta walioko ukumbini hupiga benchi kwa furaha, maana ni afadhali kutaniwa kuliko kusahauliwa. Mkubwa wa polisi, hata kama yuko juu ya ghorofa ndefu huko ng'ambo, lazima apigiwe simu na mkewe kutoka Mwatate amwulize kama amenunua unga.

Watu hucheka, lakini sifanyi hivyo kwa ajili ya kicheko tu. Nimeona kwamba mtu ukishampa kwao, watazamaji wanaanza kumjali. Akipigwa, wanaumia pamoja naye. Akifa, kuna mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye huvua kofia. Kazi hiyo naijivunia, na sioni cha kuonea haya.

Aliyeona haya ni mama yangu.

Mama anaishi Ronge, nilikozaliwa, kwenye shamba la mahindi na migomba lililojibanza mteremkoni. Ni mzee wa kanisa, na cheo hicho hakupewa kwa huruma. Akisimama kutoa matangazo, hata watoto wachanga hunyamaza. Kaka yangu ni mwalimu, na Mama akimtambulisha kwa mgeni husema, "Huyu ni mwalimu, anafundisha hesabu Wundanyi." Zamu yangu ikifika anasema, "Na huyu yuko Voi, ana kazi." Basi. Mgeni anangoja aambiwe ni kazi gani, naye Mama anamwongezea chai. Iliniuma kila mara, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wangu mwenyewe.

Sababu yake niliijua. Siku moja alinisikia kwenye simu ya jirani, mtu alikuwa amenirekodi nikisimulia. Nilipopanda kumwona, hakungoja hata nikae.

"Mzungu kasema neno moja," aliniambia, "wewe umesema kumi. Hayo mengine umeyatoa wapi?"

"Hayo ni viungo tu, Mama."

"Viungo ni vya mboga. Neno ambalo mtu hakulisema, ukamtilia mdomoni, lina jina lake. Na jina lenyewe unalijua."

Mama si mtu wa kubishana naye ukiwa na njaa, na siku hiyo nilikuwa na njaa. Nilikula nikashuka Voi.

Ndipo ikaja habari ya ile filamu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa haistahili tangazo kutoka kwangu. Ilikuwa ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka bila ndege na kuinua gari kama mtu anayeinua sufuria. Lakini safari hii, tuliambiwa, shujaa mmoja ni msichana wa Kiafrika, na nguvu zake amezipokea kwa nyanya yake huko milimani. Kionjo chake, kile kipande cha kuitangaza, kilisambaa kwenye simu za Voi yote. Kilikuwa kifupi. Ulionekana mlima wenye ukungu, na msitu mdogo kileleni. Mwanamke mzee alisimama na fimbo mbele ya msitu huo, halafu msichana akafumbua macho.

Mlima ule ndio uliotutia wazimu. Watu wa nchi tambarare wakiona mlima kwenye picha, wanasema ni mlima. Sisi tuliozaliwa Taita tunataka kujua ni upi. Wa Wundanyi wakasema ni Vuria, kwani hamwoni ukungu? Mama mmoja Msagalla anayeuza ndizi nje ya banda akasema hata kipofu anaijua Sagalla. Mimi mwenyewe nilikikuza kionjo kwa vidole viwili mpaka kikabaki madoa matupu, nikaapa kwamba kwenye ule mwamba wa kushoto nimechunga mbuzi. Hakuna aliyejiuliza wenye filamu wangefikaje huku na makamera yao bila hata muuza chapati mmoja kuwaona.

Kionjo kikapanda mpaka Ronge, kwenye simu ya mwanamke wa kwaya, na Mama akanipigia.

"Nimeona huo msitu," alisema. "Ni fighi?"

Fighi ni misitu midogo ambayo mababu zetu waliiachia kazi ya kulinda nchi. Adui akija na nia mbaya, wazee walisema, hapiti hapo. Atapotea njia, au ataona jeshi ambalo halipo akimbie. Hapakatwi kuni, na mgeni hapelekwi. Mama ni Mkristo wa kufunga na kukesha, na atakwambia mlinzi ni Mungu peke yake. Lakini hajawahi kuokota hata kijiti cha kuwashia moto katika msitu wa kwetu, na ukimwuliza kwa nini, anakujibu kwamba kuni zake zinamtosha.

"Sijui, Mama," nilimwambia. "Itabidi tuitazame yote."

"Basi nitakuja. Kama kuna mtu aliyewapeleka wageni pale, nitamjua."

Nilipoiweka simu chini, nilikaa kitako. Mama hakuwahi kukanyaga bandani mwangu. Sasa angekaa kwenye benchi na kunisikia kazini tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilitaka filamu ile iwe nzuri kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Nilitaka msichana yule aruke, nyanya yake aseme maneno mazito, na mimi niyatoe kwa Kiswahili kilichonyooka bila kuongeza hata nukta. Nilitaka Mama atoke pale akiwa tayari kuitaja kazi yangu kwa jina.

Filamu ilifika asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe ya kuionyesha. Desturi yangu ni kuitazama mara mbili kabla ya watu. Mara ya kwanza nasikiliza. Mara ya pili nazima sauti kabisa nione miili yao inasema nini, maana mdomo unaweza kudanganya na mabega yakakataa. Safari hii mara moja ilinitosha.

Mlima ulikuwa wa kompyuta. Miti ilipepea upande huu na ukungu ukaenda upande ule. Nyanya alisimama mbele ya msitu, akafungua kinywa, akasema kwa lugha ambayo sijapata kuisikia, na nimeishi kando ya barabara kuu ambapo lugha zote za Afrika Mashariki hupita. Chini ya picha, pale ambapo maneno ya kila mtu mwingine yaliandikwa, palikuwa patupu. Hata mlinzi wa geti aliyekohoa aliandikiwa kwamba amekohoa. Nyanya hakuandikiwa kitu. Kisha adui akautia msitu moto, nyanya akaanguka, na shujaa wa ng'ambo akashuka kutoka angani na joho lisilo na doa la vumbi. Msichana wetu, yule tuliyeahidiwa macho yake, alimaliza filamu nzima akimfuata nyuma na kumwuliza, "Tufanye nini sasa?"

Nilikasirika mpaka nikazima mitambo. Ilikuwa hasira ya mtu aliyealikwa harusini, akafua shati na kulipiga pasi, akafika akaambiwa abebe viti. Kisha nikawasha tena, kwa sababu tangazo lilikuwa limeshabandikwa na Mama alikuwa njiani.

Uwezo wa kuiponya filamu ile nilikuwa nao. Ningempa nyanya hotuba ya kuwatoa watu machozi, na hakuna ambaye angenikosoa, maana lugha yake haikuwa na mwenyewe. Jumamosi nyingine yoyote ningefanya hivyo bila kupepesa jicho. Lakini leo kwenye benchi la mbele angekaa mtu mmoja anayehesabu maneno. Nikiiacha kama ilivyo, namwonyesha kwamba kazi yangu ni kutangaza upuuzi wa wageni. Nikiirekebisha, namthibitishia kwamba ni mwongo. Nikaamua heri nionekane mpuuzi.

Alifika saa nane mchana na gauni la kanisani, leso kichwani, na chombo cha kimanga alichokiponda mwenyewe asubuhi, mihogo na maharagwe, kwa kuwa hana imani na chakula cha Voi. Dereva mstaafu akampisha benchi la mbele. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani, na joto lilikuwa lile letu la kawaida, la kumfanya mtu wa milimani ajipepee kwa kitabu cha nyimbo.

Mlima ulipotokea, watu wakanyoosha shingo. Mama akainama mbele. Akautazama kama anavyotazama mbegu kabla ya kuinunua.

"Huo si wetu," alisema, na mabega yake yakashuka kwa nafuu.

"Wala wetu," akasema mama wa ndizi, kwa huzuni kidogo.

Nikaendelea kutafsiri, neno kwa neno, kavu kabisa. Sikumpa mtu kwao. Adui aliingia bila wilaya. Nilisikia watu wakijigeuza kwenye mabenchi, na mmoja akanong'ona kwamba dijei anaumwa. Kisha nyanya akasimama mbele ya msitu, akafungua kinywa.

"Ndugu zangu," nilisema kwenye maiki, "hapa sijui. Nyanya anaongea, lakini maneno yake hawakuyatafsiri, na sidhani hii ni lugha ya watu. Siwezi kuwadanganya."

"Buda, si utunge tu kitu?" kijana mmoja akaita kutoka ukutani. "Kwani leo umeokoka?"

Wakacheka. Mimi nikageukia kitambaa. Nyanya wa watu alikuwa bado anasogeza midomo pale juu, mkubwa kama ukuta, na hakuna aliyemjibu wala aliyemsikia. Nilimwonea huruma kweli.

Ndipo nikasikia sauti kutoka benchi la mbele, ile ile ya matangazo ya kanisani, ikisema kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita. Nusu ya ukumbi ikaangua kicheko. Nusu nyingine, Wakamba na Waswahili na waliotoka bara, wakanigeukia.

"Dijei! Amesema nini huyo mama?"

Nikainua maiki. "Anasema nyanya anamwambia mjukuu wake asimame vizuri. Mtu hapokei kitu cha mababu akiwa amejikunja hivyo."

Mama hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya yule mwanamke. Akaendelea, nami nikamfuata kwa Kiswahili: kwamba safari ni ndefu, ale kwanza. Kwamba asiwasikilize watakaomwambia huku hakuna kitu, kwa sababu wanaosema huku hakuna kitu huwa wamekuja kukichukua. Midomo ya nyanya ilipofungika, Mama naye alikuwa amemaliza. Kufunga neno pamoja na mdomo ni jambo lililonichukua miaka kujifunza. Yeye alilifanya siku ya kwanza, chombo cha kimanga mapajani.

Msitu ukaanza kuungua. Mama akasimama.

"Huo wa kuwaka kwa njiti moja ni wa dukani," alisema. "Msitu wenye watu wake hauwaki hivyo."

Nikatafsiri. Nyanya akaanguka, na muziki wa huzuni ukapanda. Dereva akavua kofia yake.

"Hajafa. Amechoka, amelala," Mama akasema. "Tangu asubuhi amesimama na hakuna aliyempa kiti."

Dereva akairudisha kofia kichwani. Nami, nikitafsiri, nilijikuta natabasamu gizani kama mtu aliyepata barua ya kazi.

Kisha shujaa wa ng'ambo akatua na joho lake. Kwa kawaida hapo ndipo vijana hupiga miluzi kwamba steringi, mkuu wa filamu, ameingia. Siku hiyo hawakupiga. Walimgeukia Mama.

"Na huyu kwao ni wapi?" Mama akauliza.

Nikamgeukia. Hakuna aliyekuwa amemwambia sheria yangu.

"Huyu ni mgeni, Mama," nilijibu kwenye maiki. "Ametoka mbali. Hata njia ya kisimani haijui."

"Basi aonyeshwe, akateke maji. Mgeni akikuta msiba, hubeba maji, hatoi amri."

Kuanzia hapo ile filamu ilikuwa yetu. Kila shujaa aliporuka, banda zima liliita, "Maji!" Alipoinua lori, alikuwa anatafuta mtungi. Na kila msichana alipouliza, "Tufanye nini sasa?" Mama alimjibu kwa niaba ya nyanya aliyelala, kwa Kidawida, nami nikamfuata kwa Kiswahili, yeye na mimi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Msichana alipokuja kumpiga adui mwishoni, pigo dogo tu ambalo wenye filamu walimpa ili asilalamike, watu walisimama juu ya mabenchi. Mama alikuwa ameshamwambia ampige mguu wa kushoto.

Nje, kwenye mwanga, vijana walianza kuichambua. Hii muvi imetuangusha vibaya, walisema, lakini shoo imebamba. Mwisho kabisa palikuwa na kipande kinachoahidi sehemu ya pili, na tayari walikuwa wanaipangia: nyanya lazima arudi, lazima aandikiwe maneno, na safari hii mlima uwe mlima. Mimi pia naingoja. Sijakata tamaa na watu wa filamu. Mtu aliyefikia kumsimamisha nyanya mbele ya msitu amebakiza kidogo tu, amwulize anataka kusema nini.

Nilimkuta Mama kivulini anamgawia dereva kimanga. Nikachuchumaa kando yake.

"Mama, yale maneno uliyatoa wapi? Nyanya hakuyasema."

"Aliyasema," alijibu. "Hawakuyaandika."

Kisha akanipa sahani, nikala.

Hakunisifu, na sikutarajia anisifu. Alirudi Ronge jioni ile ile. Lakini kati ya waliosimama ukutani siku hiyo alikuwemo msichana mmoja wa Wundanyi anayesomea mambo ya video, na haukupita muda mrefu akanipigia. Yeye na wenzake wanataka kutengeneza filamu yao, ya shujaa kutoka milimani, kwa simu na kamera moja ya kuazima. Nyanya wao hafi. Na walimtaka Mama awe nyanya huyo.

Niliwapeleka mwenyewe. Tulikaa nje ya nyumba, Mama na chupa yake ya chai, msichana akieleza hadithi, mpiga kamera, kijana wa kutoka Nairobi ambaye hatukuwa tunafahamiana naye, akipima mwanga kwa macho. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa masharti. Kula ndani ya filamu kuwe kula kweli, si kujifanya. Na fighi isionyeshwe.

"Utaonyesha njia ya kwenda," alimwambia yule wa kamera. "Ikifika kona ile ya mwamba, utageuka. Atakayetaka kuona zaidi, atajua kwamba kuna kitu."

Kijana alifikiri, akasema hiyo ni bora kuliko walivyopanga. Msichana naye akajikaza. "Nyanya, tuna ombi moja. Tungependa useme Kiswahili, ili Kenya nzima ielewe."

"Mimi nitasema Kidawida," Mama alisema. "Nimezeeka nacho. Wasioelewa wataelezwa na huyu."

Akaninyooshea kidole kwa mkono uleule ulioshika chupa. Kijana wa Nairobi akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Kwani huyu ni nani?"

Nilimwona Mama akiinua ile chupa, nami nikajiandaa kama siku zote, niko Voi, nina kazi.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Kazi yake ni kuwasemea watu."

Akaiweka chupa chini bila kumwongezea mtu chai, akamgeukia mgeni, akangoja aulize zaidi.